Vitambaa vya Altare Havikwenda kwa Dobi

Dada Perpetua,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, na nakuomba usijaribu, maana nikikusikia kweli nitatokea dirishani, na dirisha lenyewe nimelitia nondo kwa mikono yangu. Lakini tangu nipate akili sijawahi kukuanza bila shikamoo, na sitaacha leo eti kwa sababu umekufa.

Ni mie, mdogo wako Anselmi. Naandika juu ya meza ya karakana, hapa Keko, magari yanapita na vumbi linaingia ndani ya maneno. Mwandiko wangu unaujua. Mwalimu wa darasa la tano alinikatia tamaa mapema, na mie nikamsaidia kwa kuacha shule. Vumilia hivyo hivyo.

Nakuletea habari za kazi yako. Miaka yote ile ulifua vitambaa vya altare vya parishi yetu bila kulipwa hata kipande cha sabuni. Kile kikubwa chenye misalaba midogo uliyoitarizi mwenyewe, kile cha mraba ambacho Padre huweka kikombe juu yake, na vile vidogo vya kupangusia. Kila Jumamosi. Ulikuwa ukisema wenzako wana mahindi na kuku wa kuleta Jumapili ya mavuno, wewe una mikono, basi uwakili wako, sadaka yako kwa kanisa, uko kwenye beseni. Mie nikikucheka. Nikikuambia mtu mzima anafua nguo za Mungu utadhani Mungu hana wake.

Sasa sikia. Siku ya mazishi yako nilipita nyuma ya turubai, nikamsikia Mzee Silvesta wa kamati ya uwakili anamwambia mwenzake, "Vitambaa sasa tuvipeleke kwa dobi tu. Nani ataweza?" Damu ikanipanda. Wewe hata kuteremshwa hujateremshwa, wao wameshapata dobi! Ilipofika zamu yangu mie mjomba mtu kutoa shukrani kwa niaba ya familia, nikapanda juu ya lile rundo la udongo, nikapaza sauti mpaka waliokuwa wanazika kaburi la tatu kutoka kwetu wakageuka. Nikasema, "Kazi ya dada yangu haiendi kwa dobi! Nitafua mwenyewe, mie Anselmi, na vitang'aa mpaka Padre aombe miwani ya jua!"

Watu walicheka huku wanalia. Nikajisikia nimekuzika vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzikwa Temeke. Mwanao Hilda alikuwa amesimama pale pale mbele yangu. Sikumwangalia.

Na kwa kuwa ni wewe, ngoja nikwambie jambo. Sanduku lako nililitengeneza mie, mninga mtupu, na mpaka leo nawaambia watu sikutumia msumari hata mmoja, ni maungio matupu kama kazi za zamani. Nilitumia, dada. Minne. Maungio ya upande wa miguu hayakukaa.

Tuendelee.

Padre, huyu kijana mpya mpole, aliniita vestri, kile chumba anachovalia kanzu. Akasema, "Fundi, jaribu, na Mungu akubariki. Lakini Askofu anakuja kutoa kipaimara. Ikifika siku hiyo vitambaa haviko sawa, tutavipeleka kwa dobi, na tusinuniane." Nikamwambia Padre, mie niliwahi kutengeneza kitanda wakakikalia watu kumi na saba na hakikutoa hata mlio, vitambaa ni kitu gani?

Jumamosi ya kwanza nikaenda nyumbani kwako, maana beseni lako na pasi yako ya mkaa viko kule. Jirani yako Bi Mwanahawa alikuwa kwenye mkeka anachagua mchele. Nikasuuza, nikajisifu kimoyomoyo, nikayachukua yale maji kwenda kuyamimina kwenye ndoo ya chooni, kama tunavyofanya sote, maji ya mjini hayatupwi. Bi Mwanahawa akaacha ungo.

"Fundi! Hayo maji unayapeleka wapi?"

"Chooni, Bi mkubwa."

"Haa! Dada yako maji ya kwanza alikuwa akiyamwaga pale kwenye udongo. Akisema yamegusa kikombe cha Bwana wenu, chooni hayaendi. Miaka yote hiyo ulikuwa unasali wapi wewe?"

Dada, Mwislamu ananifundisha altare! Nikamwambia nilikuwa namjaribu. Akaguna, akarudi kwenye mchele wake, lakini nikayamwaga kwenye udongo, na kuanzia siku ile kila nikifua alikuwa anageuza mkeka wake ili anione vizuri.

Jumamosi iliyofuata nikatia wanga. Nilikumbuka vitambaa vyako vinavyokaa wima, nikapika wanga wa muhogo mzito kama wa kubandikia matangazo. Jumapili Padre alipokunjua kitambaa cha kupangusia kikombe, kililia kama bati la kibanda. Divai haikunyonyeka, ikateleza juu ya kitambaa ikaingia kwenye mkono wa kanzu yake. Kwaya nzima iliinamisha vichwa, na haikuwa kwa kusali. Nje nikawaambia watu nguo za kifalme ndivyo zinavyosimama, waulize waliotembea.

Halafu ikaja ile ya kweli. Zimebaki Jumapili mbili Askofu aje, pasi yako ikatema cheche kwenye kile kitambaa kikubwa. Tundu la ukubwa wa sarafu, karibu kabisa na msalaba ulioutarizi. Nilikaa chini. Kisha akili ya fundi ikaja, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mbao ikitoboka unafanyaje? Unajaza, unapaka gundi, unabana, kesho unapiga msasa. Nikakibeba mpaka karakana, nikakata kiraka cheupe, nikapaka gundi ya mbao bila uchoyo, nikakibana kwenye jiriwa juu ya ubao safi. Njiani kurudi nikakutana na Padre, akaniuliza kitambaa kiko wapi. Nikamwambia kiko kwa mtaalamu mmoja wa Mwenge anakiongezea nakshi, na mtaalamu mwenyewe hafanyii kazi watu wadogo.

Asubuhi nafungua jiriwa, kitambaa na ubao vimekuwa mwili mmoja. Nikavuta, kikaanza kuchanika. Nikaacha. Nilikaa na ule ubao mapajani, mafundi wenzangu wanapita wananiuliza, "Vipi Anselmi, unauza dirisha lenye pazia lake?"

Nikampigia simu Hilda.

Unajua tangu arobaini yako alikuwa hajakanyaga kanisani kwetu. Nilikuwa nawaambia watu ni kazi, duka la dawa halimpi nafasi, na Tegeta ni mbali. Nikafika getini kwake na ubao wangu umefunikwa khanga. Akaniamkia, nikaitikia, akafunua. Hakucheka.

"Mjomba, hiki ni kitambaa cha mama."

"Ndiyo, mwanangu. Kimepata ajali kidogo."

Akapitisha kidole kwenye misalaba, mmoja mmoja, kama anaihesabu. Kisha akasema bila kunitazama, "Tangu nasoma darasa la pili nakunja hivi vitambaa na mama. Siku ile nilikuwa nimeshapanga, tukitoka makaburini namwambia Padre nitaendelea mimi. Ukapanda juu ya udongo ukapiga kelele, watu wakacheka, kazi ikawa yako. Hukuniuliza, Mjomba. Nikabaki sina mama, na Jumamosi sina."

Dada, unanijua. Hadithi hainikosi. Nilishawahi kumweleza trafiki kwa nini nimepakia makabati sita kwenye mkokoteni mmoja mpaka akanisaidia kusukuma. Nikatafuta hadithi kwenye ile veranda ya Hilda, nikatafuta, hamna. Nikasema, "Sijui kufua, mwanangu. Sijui chochote. Nilitaka watu wanione." Na nikalia, mtu mzima, mjomba mtu, mbele ya mpwa wangu.

Hakunibembeleza. Alichemsha maji, akaulaza ubao kwenye beseni, akaniwekea kigoda. Akasema gundi hii ikikolea maji ya moto italegea, kazi yetu ni kungoja na kuongeza maji. Tukangoja mpaka alasiri, nami nikamweleza yote, hata nilichomwambia Padre. Nikavuta nyuzi kidogo kidogo, yeye anasema, "Polepole, Mjomba. Hapo acha. Rudia." Kilipotoka, tundu lilikuwa limefika ukubwa wa kiganja na ule msalaba umekwenda. Akatoa shuka jeupe jipya, akakata kiraka, akaweka mshono mdogo usioonekana, kama wako. Msalaba akautarizi upya. Umepinda kidogo mkono wa kushoto. Nikamwambia umenyooka kuliko wa Roma. Akacheka, mara ya kwanza. Halafu akakunja kitambaa akasema, "Kuja kanisani nitakuja. Lakini Jumapili utasema mwenyewe mbele ya watu. Sitakaa juu ya uongo wako wa Mwenge."

Nikamwambia nikisema hayo Silvesta atapata anachotaka, kitakwenda kwa dobi na kazi ya mama yako ndiyo basi. Akasema, "Basi kiende kwa dobi kwa ukweli."

Usiku ule usingizi ulinipiga chenga. Jumapili, wakati wa matangazo, nikanyoosha mkono. Padre akaniruhusu, na niliona watu wanajiweka sawa kwenye mabenchi, tayari kwa hadithi. Nikasema, "Wapendwa, kitambaa kikubwa cha altare nilikiunguza. Kisha nikakipaka gundi ya mbao. Hakuna fundi wa Mwenge. Sijui kufua wala kupiga pasi, na siku ya mazishi nilichukua kazi ya mwenye nayo kwa mdomo wangu. Nisameheni." Nikakaa.

Kisha Mzee Silvesta akasimama na fimbo yake. "Padre, fundi amekiri mwenyewe. Mie sina ugomvi naye. Lakini Askofu ni wiki ijayo. Si kiende kwa dobi tu?"

Nikasikia benchi la nyuma linalia, na nikaijua sauti kabla sijageuka.

"Padre, naomba kazi ya mama yangu," Hilda akasema. "Kitambaa nimekirudisha, hiki hapa, kikaguliwe. Na Mjomba atakuwa chini yangu."

"Chini yako?" Silvesta akadakia. "Huyu? Binti, huyu hata Mungu hajawahi kumpanga foleni!"

Kanisa likavunjika mbavu. Na kwenye kicheko kile kile, mama mmoja wa upande wa kwaya akasimama, akasema Perpetua alimfulia mwanawe nguo ya ubatizo, naye yuko tayari Jumamosi za mwisho wa mwezi. Akasimama mwingine, ana pasi ya umeme. Akasimama baba mmoja mwendesha bajaji, atachukua na kurudisha. Sikuwa najua, dada. Walikuwa wanangoja kuombwa, na mie nilikuwa nimeukalia mlango. Padre akakikagua kitambaa, akampa Silvesta naye akikague. Mzee akakisogeza puani, akapitisha kidole kwenye mshono. Akasema, "Kiende altareni."

Siku ya Askofu nilikaa benchi la pili, shati jeupe, macho kwenye kitambaa. Vijana wamepewa kipaimara, ubani umefuka, watu wamepokea mkate na divai, na hakuna hata mtu mmoja aliyekitazama kile kitambaa. Hata mmoja! Nikamnong'oneza Hilda, "Mbona hawaoni?" Akasema, "Ndivyo kinavyotakiwa, Mjomba. Wakikiona ujue kina kasoro." Nimeishi miaka hamsini na ushee na sikuwahi kufikiria kazi ya namna hiyo.

Sasa tuko watano. Hilda ndiye mkubwa wetu. Amepanga zamu kwenye daftari, na kila Jumamosi anatoka Tegeta asubuhi na mapema. Kwako hapajalala: tunafua uani, Bi Mwanahawa anatoa amri kutoka kwenye mkeka, na Hilda anacheka tena mpaka anashika mbavu, kicheko chako kile kile. Nimewatengenezea meza ya kupigia pasi. Hiyo kwa kweli ni nzuri, na hapo sitii chumvi.

Mie kazi yangu ni maji, na vile vidogo vya kupangusia. Bado kona zangu zinapishana. Jumamosi iliyopita nimekunja kimoja mara tisa.

Lala, dada yangu. Nilikuahidi makubwa kwa sauti kubwa juu ya kaburi lako, sasa nakuahidi dogo kwa kalamu. Kesho saa moja nitakuwa uani kwako nimeshateka maji, mdomo nimeufunga, na Hilda akisema rudia, nitarudia.

Mdogo wako,
Anselmi