Chupa Aliyoibeba Anselmo

Shangazi Eduvina,

Fungate yetu ni njema. Hoteli ina bwawa la kuogelea katikati ya jangwa, usicheke. Anselmo, aliyelivuka jangwa hili la Atacama mara tisa kwa miguu, analalamika kwamba godoro ni laini mno.

Ila kila asubuhi mume wangu huyu alikuwa anatoroka na chupa ya maji. Jana nikamfuata mpaka barabarani, kwenye kijumba cha msalaba ulichomjengea mwanao Belisario pale kiu ilipomuua, safarini na Anselmo. Akaiweka chupa kati ya zile wanazomwachia marehemu madereva wapitao, ili asione kiu tena.

Nikamtania, “Mwenzangu, umeoa ili upate maji ya bure ya hoteli?”

Hakucheka. “Rosalba, nilimwambia mama yake kwamba chupa ya mwisho tuligawana. Niliinywa peke yangu, yeye akiwa amelala.”

Nimempa kalamu akuandikie, imemshinda. Basi naandika mimi, naye amekaa hapa ananitazama. Barua inatangulia na basi la leo. Sisi tutafika Jumapili. Mfungulie mlango, Shangazi, nakuomba. Lakini maji ya mgeni usimpe mpaka akwambie kwa kinywa chake.

Mtoto wa kaka yako,
Rosalba