Unga Mweusi Niliokuwa Nikiupuliza

Yamumbi, Eldoret

Baba mpendwa,

Pokea salamu za mwanao kutoka huku kwenye baridi. Kifua kinaendeleaje? Mama aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi unalala umeketi, nami nikajifanya laini ni mbaya. Nilisikia.

Uliniuliza hii kazi ya maabara ni kazi gani. Tunayeyusha plastiki hadi iwe kama uji mzito, tunachanganya na unga mweusi, kisha tunatia kwenye bomba la sindano. Umeme mkali unauvuta ule uji utoke kama uzi mwembamba kuliko wa buibui, unaojisokota kwenye pipa linalozunguka. Unga wenyewe ni mirija ya kaboni, midogo hata jicho haliioni. Pipa likienda kasi ipasavyo, mirija inalala ndani ya uzi ikielekea upande mmoja, na kitambaa chake kinapitisha umeme vizuri. Likizembea, inalala shaghalabaghala. Siku picha ya darubini ilipoonyesha imenyooka yote, nilicheka peke yangu kwa furaha.

Lakini unakumbuka ulivyokuwa ukipuliza vumbi la mawe kwenye patasi, kule machimboni, kabla kifua hakijakuachisha kazi? Maji hufuata mkondo, Baba. Kila nilipomaliza kupima unga niliipuliza mizani, fuu, kisha nikafagia meza kavu kavu. Niliuona kama masizi ya jikoni kwa Mama. Miezi minane.

Juzi Jepkemoi, mkubwa wangu wa kazi, alinikuta.

"Wee! Si nilisema hiyo tunapangusa na kitambaa wet? Mask yako iko wapi?"

"Nilidhani ni ya siku wageni wakikuja, madam."

"Umekuwa ukifanya hivi since lini?"

"Tangu nianze."

Akaketi. Hakunigombeza, na hapo ndipo nilipoogopa. Alinieleza polepole kwamba mirija ile ikiingia kwenye mapafu huenda isitoke tena. Nimepigwa picha ya kifua. Haikuonyesha kitu, ila daktari alisema ni mapema mno kuona.

Nisalimie Mama, na shangazi mfinyanzi, na mjomba anayetuchungia ng'ombe. Waambie niko sawa, ni baridi tu ya huku inayomkohoza kila mtu.

Nina swali moja, nalo naomba ulijibu kwa mkono wako mwenyewe, Mama asione. Kile kikohozi chako, Baba, kilianza kikavu, tena asubuhi tu?

Ni mimi mwanao,
Ezekieli