Geji ya Joto ya Kirikuu Changu

Jumatatu, 16 Juni
Mimi bwana bahati nilizaliwa nayo. Geji zote za kirikuu changu, kigari hiki cha mizigo, zilishakufa, mafundi wa Kibaha wakasema nitafute dashibodi nyingine. Nikawacheka. Nimenunua bodi ya elektroniki, sensa na skrini ndogo kama kiberiti, nikaunga waya mwenyewe. Imewaka mara ya kwanza. Mara ya kwanza! Na shule niliishia la saba. Lubumbashi nimefika, Lusaka nimefika, sijaona kirikuu chenye namba za kijani.
Mgongo umekufa. Macho yanawasha kwa moshi wa risasi ya kuungia waya.

Jumanne, 17 Juni
Nusu ya kijiji chetu, Maneromango, imekuja kuangalia. Joto la injini, chaji ya betri, vyote vinasomeka. Mzee mmoja nimempa shikamoo, kaitikia huku macho yapo kwenye skrini. "Hii inashika na taarifa ya habari?" Nikamwambia ya saa mbili tu.
Alhamisi nampeleka Shangazi Mwanaidi Kibaha akatolewe mtoto wa jicho. Ndiye aliyenilea. Madaktari wa macho wapo wiki hii tu. Nimemwambia utakwenda kama waziri.

Jumatano, 18 Juni
Rejeta inavuja. Nimemwagia unga wa manjano ndani, itaziba. Kusimama njiani kuchungulia maji ni mambo ya zamani. Skrini itaniambia.
Nimechoka hata kula.

Alhamisi, 19 Juni
Injini imekufa. Sina nguvu ya kuandika.

Ijumaa, 20 Juni
Manjano hayakuziba. Sensa niliitia kwenye mpira wa juu wa rejeta. Maji yalipoisha ikabaki inapima hewa. Namba zinasoma sabini na nane, injini inakaangika.
Na kirikuu injini yake iko chini ya kiti. Shangazi alisema mara moja tu, "Mwanangu, kiti kinachoma." Nikamjibu, "Tulia Shangazi, mashine haijasema." Akakunja kanga yake, akaikalia. Karibu na Kisarawe mjini injini ikagonga, ikazima.
Tukaungaunga kwa bodaboda. Kibaha tumefika jioni, nafasi yake kapewa mwingine. Leo madaktari wameondoka. Watarudi lini, hakuna anayejua.
Mke wangu kaniambia paja la Shangazi lina malengelenge. Shangazi mwenyewe hakuniambia.
Najichukia.

Jumapili, 22 Juni
Kirikuu kimevutwa, kipo uani. Shangazi kakaa karibu nacho, anachagua mchele kwa vidole, mawe mengine yanampita. Kaniuliza ile taa yangu bado inawaka? Nikawasha. Inawaka.
"Inasemaje?"
"Ishirini na nane."
"Basi imepoa," akasema, akaendelea na mchele.
Bahati sina. Skrini haikuwaka mara ya kwanza. Niliunguza mbili, hiyo ni ya tatu.