Mbegu Uliyonipa Niiweke Mbali

Migosi, Kisumu

Mama yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, nikiuliza kwanza habari za kifua chako: bado kinakusumbua asubuhi? Mimi sasa natembea. Malaria ya huku ziwani haina adabu, ilinilaza hospitali wiki nzima.

Barua yako imefika. Unasema ile baridi imeunguza viazi vyote shambani, na mvua ikianza utapanda mbegu uliyonipa niiweke mbali na ugonjwa. Mama, keti kwanza.

Niliitunza vile ulivyonifunza. Viazi arobaini na viwili, nikavipanga kwenye trei za mayai, macho yakitazama juu, karibu na dirisha lakini si juani. Vikageuka kijani, vikatoa machipukizi mafupi manene, kama meno ya mtoto. Ndipo homa ikanibeba.

Ufunguo nilimwachia jirani yangu, Mama Atieno, mtu mzuri, ndiye aliyekuwa akiniletea uji hospitali. Siku niliyorudi alinipikia, nikamaliza sahani. Nilisikia uchungu mdomoni, nikadhani ni zile tembe za malaria, maana hata maji yalikuwa machungu.

Kesho yake naangalia trei: tupu.

“Mama Atieno, viazi viko wapi?”

“Fundi, hizo zilikuwa zinaharibika! Zimeota miguu. Nikakupandia.”

Nikapumua. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Tuta limenyooka kama rula, na juu yake yale machipukizi, yenyewe tu, karibu yote yamelala yamenyauka.

“Na viazi vyenyewe?”

“Si ulikula? Zingine tukala sisi. Kwani kiazi inapandwa? Si tunapanda marando!”

Kwao kiazi ni kiazi kitamu, Mama. Hukata marando, yale mashina yake yanayotambaa, wakayafukia, kiazi kikaenda sufuriani. Ningemgombezaje? Nilifungua mdomo, nikasema asante.

Kaka Yosefu atasema, “Si nilikuambia, mbegu haipewi mtu wa mjini?” Mkumbushe kwamba kwa mtu wa mjini hakuna ng'ombe aliyeuzwa ili asome, spana zake alijinunulia moja moja. Lakini kwa hili ana haki. Nimezunguka soko lote. Viazi vipo, vyeupe vya kukaanga, ile mbegu nyekundu aliyotuachia bibi hakuna anayeijua.

Machipukizi matatu bado yamesimama. Mchana nayafunika kwa katoni, maana jua la huku linachoma hata kivulini. Mama Atieno ameshaelewa; kila asubuhi anayamwagilia maji ya kununua, bila kunitazama. Nieleze, Mama: chipukizi lililong'olewa kwenye kiazi chake huishi kwa kula nini?

Msalimie shangazi, na watoto wa Kaka. Na shemeji, ambaye unasema ameshaanza kuinua matuta, mwambie pole. Mwambie aweke jembe chini.

Ni mimi mwanao,
Fundi wa baiskeli