Maji ya Njano Bandani

Jumatatu, 2 Juni
Vifaranga wa nyama wametimiza wiki mbili. Maji, chakula, maranda makavu. Wanne hawasimami. Vidole vimejikunja kama ngumi. Baridi ya Iringa? Sielewi. Kipaimara cha binti yangu Neema ni tarehe 29. Wageni nimewaahidi kuku.

Jumanne, 3 Juni
Kumi na mmoja sasa. Bwana mifugo wa kata kaja: upungufu wa vitamini B. Kosa langu. Nilijichanganyia chakula mwenyewe, mahindi, mashudu, dagaa, vitamini sikuweka. Nimenunua unga wa vitamini wa kutia kwenye maji. Yanakuwa ya njano. Siku tano, kasema.

Ijumaa, 6 Juni
Hakuna nafuu. Ishirini. Kila asubuhi nachanganya maji ndipo naenda kufundisha. Dada yangu wa Mafinga kapiga simu, anasema nimezidisha dawa. Muuza duka anasema nimepunguza. Wote wana uhakika. Mimi sina. Nimesoma maelezo ya pakiti mara tatu. Kichwa kinauma.

Jumamosi, 7 Juni
Leo hakuna shule. Saa nne nimeingia bandani, maji meupe kabisa. Nilichanganya au sikuchanganya? Nikahisi naanza kurukwa na akili. Nikatoka. Mama mkwe, tunayeishi naye, yuko migombani, anamwaga ndoo. Maji ya njano.

"Mama, unafanya nini?"

"Nawaokoa, mwanangu. Maji gani haya kama mkojo? Kila siku ukitoka namwaga, nawawekea masafi. Una kazi nyingi, sikutaka kukusumbua."

Siku zote hizi. Nikalia palepale. Akanishika mkono, hajui nalia nini. Nina hasira naye. Namwonea huruma. Na mimi sikumweleza chochote, nilimpita tu kama mgeni. Nimemweleza leo.

Alhamisi, 12 Juni
Vidole vinanyooka. Si vya wote. Saba wamekufa. Sijui ni wangapi wangepona tungeongea mapema. Mama mkwe hali chakula vizuri.

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka kanisani. Nimemkuta Mama mkwe bandani, kitenge chake cha ibada kimejaa maranda. Kampakata kifaranga mmoja dhaifu, anamnywesha maji ya njano kwa kijiko, anamsemesha Kihehe. Mimi Mnyakyusa, Kihehe changu ni cha salamu. Sikuelewa alichosema. Sikuuliza. Nikachukua kijiko kingine, nikakaa karibu naye.