Mti Mtupu, Bila Fedha

Ibra, Ijumaa usiku

Leo kwenye uwanja wa shabaha wenyeji walinicheka tena. Bunduki zao zina pete za fedha zinazobana mtutu na mti. Yangu nimeitilia kishikio cha mti mtupu, hakiugusi mtutu hata kidogo. Mtutu uliobanwa ukipata moto hupotosha risasi. Ami Seif, baba wa mke wangu, akasema mbele ya watu, "Nyinyi wa Zanzibar bunduki mnaijulia wapi."

Tukapiga shabaha, kila mtu kwa zamu yake. Risasi zangu zote ungezifunika kwa kikombe cha kahawa. Zake zilitawanyika.

Tulipofika nyumbani Ami Seif alizivua pete za fedha kwenye bunduki yake, urithi wa marehemu babake, akanipa mkononi.

"Nitengenezee kama yako. Na hizi usinipotezee."

Nimezifunga kwenye leso, ziko chini ya mto. Usingizi hauji, na wala siutaki.