Mistari ya Msumari

3 Machi
Bibi,
Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Goti lako je, linakubali ngazi?
Nimepata kazi ya kupaka rangi kwenye nyumba aliyokulia yule mwandishi maarufu. Sasa ni makumbusho, watu wanakata tiketi waone kitanda na sahani. Vitabu vyake sijasoma, unanijua. Anayetembeza wageni ananiita Bubu kwa kuwa siongei. Ijumaa ya wiki ijayo napaka mlango wa jikoni. Una mistari mistari, kama mtu alikuwa anapima watoto. Msimamizi kasema ni uchafu, nipige msasa, mikwaruzo niizibe kwa unga wa mbao na gundi.
Mjukuu wako

8 Machi
Mume wangu,
Marahaba. Goti bado lina kiburi.
Katika nyumba hiyo nilifua nguo miaka sita. Sikukuambia kwa sababu waliniondoa vibaya. Mistari ya mkaa ni ya huyo mwandishi, mama yake alimpima. Ya msumari, upande wa bawaba, ni ya mama yako. Nilimpima kwa kujificha. Picha yake hatuna hata moja, urefu wake huo ndio uliobaki. Usiupake mlango. Aibu zako nazijua, lakini safari hii fungua mdomo, baba.
Bibi yako

23 Machi
Bibi,
Shikamoo. Mimi mzima, ila roho haijatulia. Barua yako imenikuta Jumatatu. Mlango nilishaupaka Ijumaa, tena rangi mara mbili. Nimekaa wiki nzima naogopa kukujibu.
Jana nikavaa shati, nikakata tiketi, nikapanga foleni. Mtembeza wageni akacheka, "Bubu! Umekuja kuona kama rangi yako imekauka?"
Jikoni nikainama pale kwenye bawaba. Bibi, mkaa wote umeondoka na msasa. Lakini msumari uliingia ndani ya mbao, na upande ule sikuuziba. Nilifanya uvivu tu, nikasema nani ataangalia huku. Mistari mitano ipo, inaonekana chini ya rangi.
Yule mtembeza wageni akaiona. "Tazameni, mwandishi wetu alipimwa hapa!" Watu wakatoa simu wapige picha. Nikasema, "Hapana. Huyo ni mama yangu."
Mtembeza wageni akanigeukia.
"We Bubu, umejuaje?"
"Aliyechora ni bibi yangu. Alikuwa anafua hapa."
Msimamizi ananiita ofisini kesho, labda kazi imeota mbawa. Kabla sijatoka nilisimama pale mlangoni. Mstari wa juu kabisa unaniishia kwenye mkanda.
Mjukuu wako

28 Machi
Mume wangu,
Marahaba. Goti usiniulize.
Barua nimeisoma mara nne. Wakikufukuza, wamekufukuza, rangi hazijaisha duniani. Na kama msimamizi anataka shahidi, shahidi yuko hai. Nakuja Jumamosi ijayo. Miaka sita niliingia humo kwa mlango wa nyuma, sasa nitakata tiketi nipite mbele.
Siku hiyo vaa mkanda huo huo.
Bibi yako